Miguu kwanza, bei baadaye: asubuhi ya mwenye hisa akiwa Mwanza

Mwenye hisa anayeishi Mwanza ana saa tatu hivi kila asubuhi ambazo soko haliwezi kumfanya lolote, na wengi wetu tunazipoteza. Saa kumi na mbili kasoro, Capri Point bado giza, mkono unatafuta simu, programu ya bei za hisa inafunguka, namba ni nyekundu, yaani bei imeshuka, na mapigo ya moyo yanapanda mtu akiwa bado chini ya chandarua. Namba hiyo ni ya jana. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilifungwa jana alasiri, na halifanyi biashara alfajiri. Linafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, na wikiendi haliko kabisa. Kwa hiyo saa hiyo huwezi kununua wala kuuza. Unaumia tu.

Ninachotaka kukushawishi ni kwamba saa hizo ni za mwili, na bei zina siku yake na sababu yake ya kusomwa. Wasiwasi wa soko unaanzia kwenye damu na misuli kabla haujafika kwenye daftari la hesabu, ndiyo maana nayaeleza mambo haya mawili pamoja.

Homoni ya kotisoli hupanda yenyewe kila mtu anapoamka, na hufikia kilele dakika 30 hadi 45 baadaye. Ni jambo la kawaida, ndiyo inayokutoa usingizini. Ukiongeza habari mbaya juu yake, mwili unaipokea kama hatari: pumzi inakuwa fupi, tumbo linakaza, viganja vinatoka jasho. Hayo ni maandalizi ya kukimbia au kupigana, na kitandani hayana pa kwenda. Ukiwa umeshatembea nusu saa, habari ileile inaupata mwili uliokwisha kuzitumia nguvu hizo.

Kuna na upande wa akili. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kuwa hasara inamuuma mtu zaidi kuliko faida ya kiasi kilekile inavyomfurahisha, kwa makadirio ya baadaye kama mara mbili. Mwaka 1995 wachumi Shlomo Benartzi na Richard Thaler wakaongeza jambo linalotuhusu moja kwa moja: kadiri mtu anavyotazama thamani ya uwekezaji wake mara nyingi, ndivyo anavyokutana na hasara nyingi zaidi, na ndivyo anavyoogopa hisa. Sababu yake ni ya hesabu tu. Hisa inayomaliza mwaka ikiwa juu inaweza kuwa ilishuka karibu nusu ya siku za biashara. Ukiitazama kila siku, umeumia mara kadhaa kwa kitu ambacho mwisho wake ni faida.

Mazoezi yenyewe

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kujenga misuli siku mbili au zaidi. Nusu saa mara tano kwa wiki inatosha kuanzia. Pima kwa dakika, usipime kwa kilomita, kwa sababu vilima vyetu vinadanganya: dakika 30 za kupanda Isamilo au Bugando si sawa na dakika 30 za barabara tambarare ya Kirumba.

Jua la Mwanza linachelewa. Dar es Salaam huliona kama dakika 25 kabla yetu, kwa kuwa sisi tuko magharibi zaidi lakini saa ni moja. Miezi mingine, Februari na Julai kwa mfano, saa kumi na mbili na nusu bado hakujapambazuka vizuri. Ukitoka mapema, vaa kitu cheupe au chenye mkanda unaong'aa, na tembea upande wa kulia wa barabara ili bodaboda na daladala zije zikikukabili uzione. Magari yetu hupita kushoto, kwa hiyo ukitembea kushoto yanakujia mgongoni. Vaa soksi ndefu pia, maana mbu wa malaria huuma hadi alfajiri, hasa maeneo ya karibu na maji na mabwawa ya bustani.

Anza na dakika tano hadi nane za kutembea taratibu, mabega yakizunguka, kisha ongeza mwendo. Kipimo cha mwendo wa wastani ni mdomo wako: uweze kusema sentensi nzima bila kukatika, lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kumaliza sentensi, umeshaingia kwenye mazoezi makali, na hayo si ya kila siku.

Vilima ni mali ya bure ambayo miji mingi ya tambarare haina. Chagua mwinuko unaokuchukua dakika mbili kuupanda kwa mwendo wa haraka. Panda, shuka kwa kutembea polepole kama dakika tatu, rudia mara nne. Fanya hivyo mara moja kwa wiki. Kila baada ya wiki mbili ongeza mzunguko mmoja, hadi ufike minane, kisha baki hapo. Wengi wanaharibikiwa kwenye kushuka, kwa sababu wanakimbia. Ukishuka, misuli ya mbele ya paja inarefuka huku imebeba uzito wako, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayoichana zaidi. Maumivu yake hayaji siku hiyohiyo. Yanakuja kati ya saa 24 na 72 baadaye, na hapo ndipo mtu anaacha mazoezi kabisa akidhani amejidhuru. Mapaja yote mawili yakiuma sawasawa unaposhuka ngazi, hiyo ni kawaida, tembea taratibu na yatapita. Lakini maumivu ya nukta moja kwenye mfupa wa ugoko, ambayo unaweza kuyagusa kwa ncha ya kidole, yanataka upumzike na uonwe na daktari, kwani mfupa unaweza kuwa umeanza kupata ufa. Nyama ya nyuma ya mguu mmoja ikivimba na kuwa na joto, nenda hospitali siku hiyo. Kifua kikibana, simama papo hapo.

Wapo wanaoniuliza kuhusu kuogelea ziwani. Jibu langu ni hapana kama unazungumzia ufukwe wenye majani na maji yaliyotulia. Konokono wanaoishi humo hubeba vimelea vya kichocho cha tumbo, na vimelea hivyo hupenya ngozi ndani ya dakika chache, bila kidonda wala maumivu. Kama uliingia majini, siyo lazima usubiri dalili: nenda kituo cha afya baada ya wiki sita hadi nane ukapime, na dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa kipimo cha uzito wa mwili. Ngurumo nazo usizibeze. Ziwa Victoria hutengeneza mvua za radi usiku na alfajiri kwa kuwa maji yanabaki na joto wakati nchi kavu imepoa. Ukisikia ngurumo ukiwa ufukweni au juu ya jabali, ingia ndani ya nyumba, usijikinge chini ya mti.

Viatu vinahitaji maneno zaidi, kwa sababu wengi wetu tunanunua mitumba, Makoroboi au kwingine, na kiatu cha kukimbilia huzeeka ndani kabla hakijazeeka nje. Soli ya chini inaweza kuwa na meno yote huku povu la katikati limeshakufa. Bonyeza povu hilo pembeni kwa dole gumba: likibonyea kidogo na kurudi, lipo hai, likiwa gumu au likibaki na shimo, achana nacho. Angalia mikunjo ya ubavuni. Mistari mingi mizito iliyolala upande mmoja kuliko mwingine inaonyesha kuwa mwenye kiatu wa kwanza alikanyaga kwa kuinamia upande huo, na goti lako litalipa. Kiweke juu ya meza na ukitazame kwa nyuma. Kisigino kikiegemea upande, kirudishe. Kikunje pia: kinatakiwa kukunjika penye vidole, siyo katikati ya unyayo. Mwisho vuta ukingo wa soli ya mbele kwa kucha uone gundi. Gundi iliyokaa miaka ghalani hukauka, na kiatu kinachofunguka mdomo ukiwa kwenye mteremko wa mawe ni hatari. Acha nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu, na vijaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo.

Siku mbili za misuli hazidai ukumbi wa mazoezi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 5 ni kilo 5 na la lita 10 ni kilo 10. Inama mgongo ukiwa umenyooka, mkono mmoja umeegemea jiwe au benchi, vuta dumu hadi usawa wa mbavu mara 10 kila mkono. Skwati 12, visigino vikiwa chini. Pushapu 8 hadi 10 mikono ikiwa juu ya jiwe la usawa wa nyonga, kisha kila mwezi tafuta jiwe fupi zaidi hadi ufike chini. Pumzika dakika moja na nusu, rudia mzunguko mara tatu. Malizia kwa kubeba dumu mbili za lita 10, moja kila mkono, na kutembea hatua 40 bila kuinama. Kagua mpini wa dumu kwanza, na jaza maji hadi juu, maana maji nusu yanayumba na kukuvuta mgongo. Usizuie pumzi unapoinua. Kuzuia pumzi hurusha shinikizo la damu ghafla, na kwa mwenye presha hilo si jambo dogo.

Kwenye chakula sina mengi. Maji glasi moja kabla ya kutoka, uji wa ulezi na kiazi kitamu au matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) baada ya kurudi, na dagaa au mayai kwa ajili ya misuli.

Mwenye kipimo cha presha nyumbani apime kabla ya mazoezi na kabla ya kugusa simu. Kaa kwenye kiti chenye mgongo dakika tano bila kuongea, miguu yote chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na siyo juu ya shati. Pima mara mbili, dakika moja kati yake, andika zote. Usipime ndani ya nusu saa baada ya kahawa, chai ya rangi, sigara au mazoezi. Vipimo vya nyumbani vikikaa 135/85 au zaidi kwa siku kadhaa, mwone daktari. Mtu anayepima baada ya kusoma bei anapata namba ya hofu, na anaweza kuanzishiwa dawa asizozihitaji au kuongezewa alizonazo.

Siku ya kusoma bei

Kwa mwenye hisa za muda mrefu, mimi napendekeza Jumamosi asubuhi, baada ya mazoezi na chai, kalamu mkononi. Soko limefungwa tangu Ijumaa, kwa hiyo kama alfajiri ya siku nyingine, huna unachoweza kufanya. Tofauti ni kwamba umekaa, mwili umetulia, una bei za wiki nzima mbele yako, na una usiku mbili kabla ya Jumatatu. Uamuzi utakaobaki na maana Jumatatu asubuhi ndio wa kuutekeleza.

Usitazame bei peke yake. Ripoti ya soko, au programu ya simu ya soko hilo iitwayo Hisa Kiganjani, ina safu nyingine ambazo ni muhimu zaidi: idadi ya hisa zilizouzwa, thamani ya mauzo, na maagizo ya kununua na kuuza yaliyobaki bila kupata mwenzake. Chukua mfano. Hisa ilikuwa 500, leo imefunga 475. Imeshuka asilimia 5, na wewe mwenye hisa 5,000 unaona shilingi 125,000 zimepotea. Tazama idadi: hisa 120. Maana yake mtu mmoja aliyekuwa na haja ya shilingi 57,000 aliuza kwa haraka, na bei ya wenye hisa wote ikahesabiwa kwa muamala wake. Soko letu ni jembamba kwenye hisa za kampuni nyingi, yaani wanunuzi na wauzaji ni wachache, na mambo haya ni ya kawaida. Bei ikishuka kwa hisa laki kadhaa ndani ya siku nne mfululizo, huku maagizo ya kuuza yakizidi ya kununua kwa mbali, hapo kuna mtu mkubwa anatoka, na inafaa kutafuta sababu.

Wembamba huohuo ndio unaomwadhibu anayeuza kwa hofu. Tuseme wanunuzi wamejipanga hivi: hisa 200 kwa 500, hisa 300 kwa 490, hisa 1,000 kwa 470. Ukiagiza kuuza hisa 1,000 kwa bei yoyote ya soko, unapata 100,000, kisha 147,000, kisha 235,000. Jumla 482,000, yaani wastani wa 482 kwa hisa uliyoiona kwenye simu ikiwa 500. Asilimia 3.6 imekwenda, na hujalipa ada bado. Ada za dalali, soko, msimamizi na hifadhi kwa miamala midogo huzunguka asilimia 2 na kidogo kila upande. Ukiuza leo kwa woga na kununua tena mwezi ujao kwa bei ileile, umeshatoa zaidi ya asilimia 4 bila hisa yenyewe kufanya kosa lolote. Hisa iliyoshuka asilimia 20 inahitaji kupanda asilimia 25 ili irudi ilipokuwa. Ukijumlisha na gharama hizo, unajiongezea mlima kwa mikono yako.

Kuna anguko lisilo anguko. Kampuni ikishatangaza gawio, yaani sehemu ya faida wanayolipwa wenye hisa, na daftari la wanahisa likafungwa, bei kwa kawaida hupungua karibu na kiasi cha gawio, kwa kuwa anayenunua baada ya hapo hatalipata. Gawio la shilingi 50 kwa hisa, bei ikashuka shilingi 50: hakuna aliyeibiwa. Mwenye hisa 1,000 anapata 50,000, inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa kampuni zilizoorodheshwa, mkononi zinabaki 47,500. Anayetaka gawio anapaswa kukumbuka kuwa umiliki hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya kununua. Ukinunua siku moja kabla ya daftari kufungwa, umechelewa.

Hofu inayotoka New York

Wengi wanaokosa usingizi hapa mjini hawana hata hisa moja ya Marekani. New York hufungua saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu na kufunga saa tano usiku, kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba; miezi mingine yote inasogea saa moja mbele, na kufunga kunafika saa sita usiku. Ndiyo maana habari za kuporomoka kwa masoko zinaingia kwenye simu saa ya kulala. Ukizisoma hapo, unalala vibaya, alfajiri unashindwa kuamka, na kilichoanza kama habari ya nchi ya mbali kimekunyima mazoezi.

Je, anguko la huko linafika Dar? Linafika kwa njia tatu, na zote ni za polepole. Wawekezaji wa nje wenye hisa za benki na viwanda vyetu wanaweza kuuza ili wapate fedha. Bei ya mafuta na dhahabu ikibadilika, gharama za usafirishaji na thamani ya shilingi nazo zinaguswa, na Kanda ya Ziwa yenye migodi inalihisi hilo kabla ya wengine. Na wa ndani wanaogopa kwa kuwa wamesoma. Siku nyingi, anguko la New York la Jumatatu halionekani kabisa kwenye ripoti yetu ya Jumanne.

Historia nayo isomwe pande zote mbili. Kati ya Februari 19 na Machi 23, 2020 faharisi ya S&P 500, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilishuka kama asilimia 34, na Agosti mwaka huohuo ilikuwa imerudi juu ya kilele chake. Waliouza Machi walikula hasara ya kudumu. Lakini faharisi ya Nikkei ya Japani ilifikia kilele mwishoni mwa Desemba 1989, na haikukipita hadi Februari 2024. Anayekuambia soko linarudi siku zote hajakueleza kuwa mtu anaweza kustaafu akisubiri. Ndiyo sababu fedha ya ada ya shule, ya kumalizia nyumba au ya injini ya mtumbwi utakayoihitaji ndani ya miaka mitatu isiwekwe kwenye hisa, hata soko liwe linapendeza vipi.

Fedha hiyo ina pa kukaa. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya Serikali ya uwekezaji wa pamoja, unauza vipande, yaani sehemu ndogondogo za mfuko, na unakuruhusu kutoa ndani ya siku chache za kazi. Hatifungani za Serikali, ambazo ni mkopo unaoipa Serikali kwa riba, huuzwa kwa mnada na Benki Kuu, kuanzia shilingi 1,000,000, muda wa miaka 2 hadi 25, riba mara mbili kwa mwaka. Benki Kuu ina tawi hapahapa Mwanza, na benki au dalali wako anaweza kukuombea. Kabla ya hayo yote, weka akiba ya matumizi ya miezi mitatu hadi sita. Mtu mwenye akiba hiyo hahangaiki na namba nyekundu kwa kiwango kilekile, na hilo halitibiwi na mazoezi ya aina yoyote.

Kwa wanaoishi na dagaa kuna jambo la ziada. Uvuvi wa dagaa unategemea giza, taa zikivuta samaki. Mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi inapumzika siku kadhaa na kipato kinasimama, kuanzia mvuvi hadi mama anayeanika. Nunua hisa au vipande wakati wa giza, fedha ikiwa inazunguka, kiasi kilekile kila mwezi, na usipange malipo yoyote ya lazima kuangukia siku za mbalamwezi. Wengi hulazimika kuuza hisa kwa bei mbaya kwa kuwa kalenda ya kipato haikuhesabiwa, na kampuni yenyewe haina tatizo lolote.

Ukitaka kitu cha kufuatilia kati ya Jumamosi moja na nyingine, fuatilia matukio. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu hukaa kila robo mwaka. Tangu Januari 2024 inatumia riba ya sera, yaani riba elekezi ya Benki Kuu kwa mabenki, iliyoanza na asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 Aprili 2024, ikashushwa hadi 5.75 Julai 2025. Riba ikipanda, hatifungani zinavutia zaidi na hisa zinapoteza wanunuzi. Benki nazo hutoa hesabu kila robo mwaka. Humo tafuta faida baada ya kodi ukilinganisha na robo kama hiyo mwaka uliopita, na uwiano wa mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, ambao Benki Kuu inataka usizidi asilimia 5. Uwiano huo ukipanda robo tatu mfululizo, hiyo ni habari, hata kama bei haijashuka shilingi moja.

Na hizo ndizo sababu za kuuza ninazozikubali: biashara ya kampuni imeharibika kwa namna inayoonekana kwenye hesabu, hisa moja imekua hadi kumeza zaidi ya theluthi ya mali yako yote, au unahitaji fedha kwa jambo ulilolipanga. Ukiwa na mojawapo, hakikisha dalali wako ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kisha mwandikie Jumatatu baada ya mazoezi, kwa maneno yasiyoacha mwanya: "Habari ya asubuhi, ndugu. Naomba uniwekee agizo la kuuza hisa 1,000, bei isipungue 495, agizo liishe Ijumaa. Nitumie uthibitisho wa maandishi." Taja idadi, bei ya chini na siku ya mwisho. Kikikosekana kimojawapo, dalali atakisia, na atakisia kwa faida ya kumaliza kazi haraka. Fedha za mauzo hukamilika siku ya tatu ya kazi: ukiuza Jumatatu, tegemea Alhamisi, ukiuza Ijumaa, tegemea Jumatano. Ada ya shule inayodaiwa Jumanne isitegemee mauzo ya Ijumaa.